Ujira wa Jumamosi

Mabera, Migori
27 Februari 1966

Kwa mwanangu Cephas Onyango,

Jina la Mungu Mwenyezi, aonaye hata ndani ya nyumba zilizofungwa, litangulie maneno yangu. Nakusalimu kwa amani ya Kristo, wewe na binti yangu Jerusha na mjukuu wangu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mguu wa mama yenu ambao umevimba tena. Lakini anatembea, na anasali. Natumaini nanyi ni wazima, na ningependa kulisikia hilo kutoka kwako, si kutoka kwa watu wa lori.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kikuria hukijui, na Kijaluo changu ni cha sokoni tu, hakifai kwa jambo zito.

Watu wa lori la mahindi wanasema kiwanda chenu cha pamba kimenyamaza tangu mwanzo wa mwezi. Wanasema mligoma kwa sababu meneja mpya aliwaongezea saa za kazi bila kuwaongezea ujira. Wanasema pia kwamba mnadai mlipwe kwa siku ambazo mashine zimelala. La kwanza nalielewa. La pili linanisumbua. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na sikuacha kusema kwamba kumnyima kibarua ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu. Lakini sikuwahi kufundisha kwamba mtu aliyeketi nyumbani kwake anaweza kunyoosha mkono na kudai ujira. Nieleze, sheria ya Serikali yetu inasemaje? Au hayo ni maneno ya chama cha wafanyakazi tu?

Kuna jambo lingine, na sijui kama ni dogo. Tangu mlipofunga ndoa, kila barua yako Jerusha huiongezea mstari mmoja chini, kwa mkono wake. Barua yako ya katikati ya mwezi huu haikutaja mgomo hata kwa neno moja, na mstari wa binti yangu haukuwapo. Nafasi yake uliiacha. Nimeitazama mara nyingi nafasi hiyo.

Bwana awalinde.

Mimi baba mkwe wako,
Mzee Maroa Wangwe


Homa Bay
6 Machi 1966

Baba mkwe mheshimiwa,

Nakuamkia kwa unyenyekevu, wewe na Mama, na ninauombea mguu wake. Barua yako ilinifikia salama. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu.

Ni kweli tuligoma. Tuliacha kazi Jumatatu tarehe saba Februari, na Jumatatu iliyofuata tukaamua kurudi huku mazungumzo yakiendelea. Tangu hapo jambo limo mikononi mwa wakubwa. Yako mengine ambayo sipendi kuyaweka katika karatasi kwa sasa, kwa kuwa barua hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe.

Jerusha amekwenda Mbita pamoja na mtoto kumsalimu dada yangu Roseline. Mstari wake utakuja. Nakuomba usihangaike, Baba.

Mkweo mtiifu,
Cephas Onyango


Mabera, Migori
20 Machi 1966

Kwa Cephas Onyango,

Bwana asiyedanganywa na macho ya wanadamu awe shahidi kati yako na mimi. Nakusalimu. Mama yenu ni mzima. Nami ni mzima wa mwili.

Ulinitaka nisihangaike. Nilihangaika, nikaja Homa Bay.

Nilikuja juma lililopita katika mkutano wa wazee wa kanisa. Unaijua mila yetu, na kwa jambo hili mila yenu haiko mbali nayo: baba mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Kwa hiyo nililala kanisani, juu ya benchi, na Jumatano asubuhi nikatembea hadi kiwandani ili nijionee mwenyewe kama mashine zimelala. Zilikuwa zimelala. Lakini wewe hukuwa umelala.

Nilikuona langoni, umevaa nguo za kazi, peke yako. Wenzako wote hawakuwapo. Ulikuwa unazungumza na mlinzi aliyekuwa ndani ya lango la nondo, na mlinzi huyo namfahamu: ni Nyakundi, Mkisii niliyemfundisha mimi mwenyewe kabla hajabatizwa. Mlicheka. Kisha akakupitishia kikombe kati ya nondo, ukanywa umeinama kama mtu anayejificha.

Nilisimama karibu na mama mmoja anayeuza nyanya, ambaye wenzake walimwita Filister. Hakunijua mimi ni nani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mtazameni, amekuja tena kumwamkia bwana wake."

"Si ndiye Cephas yule?"

"Ni nani mwingine? Mume wangu amekwenda Sori kuvuta nyavu za watu, na huyu anakunywa uji wa meneja. Kila asubuhi! Hata mkewe amemkimbia."

"Kweli amemkimbia?"

"Mwezi huu wote hayupo. Mimi ningekimbia kabla uji haujachemka."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Sikukuita wala kukusalimu, kwa maana sikutaka kumsemeza mkwe wangu barabarani kama mtu amkamataye mwizi. Nilirudi zangu.

Sasa nakuuliza mambo mawili, nawe utanijibu kama mtu aliyesimama mbele ya madhabahu. Kwanza, je, uliwaongoza wenzako katika mgomo kisha ukaingia kwa mlango wa nyuma, ili meneja akulipe wewe huku wao wakila njaa? Pili, binti yangu yuko wapi? Kusalimu hakuchukui mwezi mzima.

Nisipopata jibu linaloeleweka, nitamtuma Wangwe, kaka yake, amlete Jerusha nyumbani, na ng'ombe wako utarudishiwa mbele ya wazee. Silisemi hili kwa hasira. Nimelisali siku kadhaa kabla ya kuliandika.

Maroa Wangwe


Homa Bay
27 Machi 1966

Baba mkwe mheshimiwa,

Nakuamkia wewe na Mama. Nimeona ya kwamba safari hii hukutia sahihi kama baba mkwe. Mimi bado nakuita hivyo hadi utakaponikataza.

Ulilala kanisani, hatua chache kutoka kwangu, ukaondoka bila kuninyooshea mkono. Hilo limeniuma kuliko maneno ya Filister. Yeye mumewe ni mwenzangu wa mashine moja na njaa yao naijua. Lakini wewe, Baba, ulimwamini mwuza nyanya kabla ya kuniuliza.

Sasa nitaandika yote, hata yale niliyoyaficha.

Tulipogoma, Afisa wa Kazi alikuja akatusomea sheria. Alisema mtu akiuzuia mkono wake mwenyewe usifanye kazi, hana ujira wa siku hizo, hata kama malalamiko yake ni ya haki. Basi wewe na sheria mko pamoja katika hilo. Lakini akasema pia: mtu akija kazini, akiwa tayari kufanya kazi, na mwajiri akamfungia nje, huyo hajagoma. Huyo amezuiwa, na ujira wake unaendelea kuhesabiwa. Ndiyo maana baada ya juma moja tulirudi. Tukalikuta lango limefungwa kwa kufuli. Meneja alitaka kila mtu akubali saa mpya kwa ujira ule ule, asiyekubali akae nje. Sasa anamwambia Afisa kwamba hakufunga lango, kwamba sisi tunaendelea kugoma, na kwamba hajamwona hata mtu mmoja akija kuomba kazi.

Niliwaambia wenzangu: twende langoni kila asubuhi ili asiweze kusema hivyo. Wakaniuliza nani amenituma. "Nenda ukaibusu kufuli," mmoja akaniambia, "labda itakuzalia." Waliona ni mtego, kwamba meneja anataka kutuona tukija kujipendekeza mmoja mmoja. Wakaenda zao, wengine mashambani, wengine Sori, wengine Macalder kuchekecha mchanga wa dhahabu. Nimebaki peke yangu.

Kwa hiyo kila asubuhi, Baba, ninachokifanya ni hiki. Nasimama langoni nasema kwa sauti, "Nimekuja kazini." Nyakundi anajibu, "Hakuna kazi." Nasema, "Nani amesema?" Anajibu, "Meneja." Basi. Siku ile uliyotuona alisema, "Cephas, sasa hata jogoo wangu haniamshi kwa kuwika, ananiambia hakuna kazi." Hapo ndipo tulipocheka. Na uji ule haukuwa wa meneja. Mkewe Bosibori humpikia, naye alikuwa ameona kwamba sikuwa nimekula tangu juzi yake. Niliinama kwa aibu ya kunywa chakula cha mtu mwingine mbele za watu.

Kuhusu Jerusha. Chakula kiliisha nyumbani. Amekwenda Mbita kuanika dagaa wa omena pamoja na Roseline, wanauza, wanakula. Sikuweza kumwandikia baba yake kwamba nimeshindwa kumlisha. Je, wewe ungeweza, ukiwa mkwe?

Shauri letu litasikilizwa Jumatano tarehe kumi na tatu Aprili, mbele ya Afisa na watu wa chama. Shahidi ni mmoja tu, Nyakundi, naye ni mwajiriwa wa meneja. Akinyamaza, tumekwisha. Wewe ulimfundisha. Anakuogopa na kukupenda. Nakuomba umwandikie neno.

Mkweo,
Cephas


Mabera, Migori
3 Aprili 1966

Kwa Cephas Onyango,

Mungu ampaye kila mtu kulingana na kazi yake akusikie. Nakusalimu.

Sikungoja barua yako. Wangwe alikuwa ameshaondoka kwenda Mbita ilipofika. Usinilaumu, au nilaumu, lakini ni baba niliyefanya hivyo. Alimkuta Jerusha kando ya ziwa, mikono imejaa magamba, na mtoto ni mnene. Alimwambia nimemwita nyumbani. Akajibu, "Mwambie Baba sikufukuzwa na sikukimbia. Mwambie pia nimechoka kunuka samaki." Kisha akakataa kurudi naye.

Wangwe akamwuliza habari za ule mstari. Binti yangu akasema kwamba wewe ulimwomba aandike, "Tumeshiba na tu wazima," naye akakujibu kwamba hawezi kumwandikia baba yake uongo. Kwa hiyo akaiacha nafasi tupu. Nilimlea vema kuliko nilivyojua. Wewe ulitaka kuniziba macho kwa mkono wake. Nimelikumbuka hilo pia.

Habari za lango nimezisikia. Sisemi kwamba nimeziamini, na sisemi kwamba nimezikataa. Kilichobaki ni Nyakundi mwenyewe kuzisema.

Kwa sababu hiyo sitamwandikia. Nikimwandikia aseme kweli, meneja atasema mzee wa kanisa alimfundisha shahidi, na hatakuwa amekosea. Tena nikimwandikia, sitajua kama amesema kwa kumwogopa Mungu au kwa kuniogopa mimi. Niliyomfundisha alifundishwa zamani. Ama yamo ndani yake, ama hayamo.

Mama yenu anatuma unga pamoja na lori la Alhamisi. Usiukatae. Unatoka kwake, hautoki kwangu.

Maroa Wangwe


Homa Bay
17 Aprili 1966

Baba mkwe mheshimiwa,

Nakuamkia wewe na Mama kwa furaha iliyochanganyika na mawazo. Unga ulifika. Namshukuru Mama.

Shauri lilisikilizwa. Chumba kilijaa, maana waliokwenda Sori na Macalder walirudi wote, na Filister alikuja na kikapu chake akaketi mbele kabisa. Meneja alisema kama nilivyokuandikia: hakuna aliyekuja, wote waligoma, asiyefanya kazi hana ujira. Alisema vizuri, kwa upole. Watu walianza kutazamana.

Kisha Nyakundi akaitwa. Afisa akamwonyesha mimi. "Unamjua huyu?"

"Namjua. Kila asubuhi huja kunisumbua."

Watu wakacheka. "Anakusumbuaje?"

"Anasema amekuja kazini. Mimi nasema hakuna kazi. Tangu mwezi wa pili."

Meneja akasimama. "Kila asubuhi? Hata Jumamosi?"

"Hapana, bwana. Jumamosi haji."

"Basi Jumamosi aligoma!"

"Jumamosi, bwana," Nyakundi akasema, "mimi na yeye huwa tumeketi benchi moja kanisani. Na langoni huwa kuna mlinzi mwingine. Muulize huyo mlinzi kama Cephas aligoma."

Baba, kama angeishia hapo, ningelipwa mimi peke yangu. Nililihofu jambo hilo. Niliwaza: watasema Filister alikuwa na haki, kwamba yote yalipangwa, na sitaweza tena kuishi Homa Bay. Afisa akamwuliza, "Na hawa wengine? Kwa nini hawakuja?" Nyakundi alimgeukia meneja. Meneja alikuwa anamtazama. Kisha Nyakundi akasema, "Walikuja. Jumatatu ya kwanza walikuja wote. Nililifunga lango kwa mkono wangu, kwa amri. Na niliamriwa niwaambie wasirudi hadi waitwe. Niliwaambia. Hawakuitwa."

Uamuzi ulikuwa huu: juma la kwanza, tulilogoma wenyewe, hatuna ujira. Tangu siku lango lilipofungwa, wote walipwe, aliyesimama langoni na aliyekwenda Sori, kwa kuwa hakuna awezaye kumwambia mtu asije kisha akamlaumu kwa kutokuja. Lango lilifunguliwa Ijumaa, na saa ni zile za zamani. Filister alinitupia nyanya mbili mapajani. "Shika, msaliti wetu," akasema. Zilikuwa mbivu.

Nyakundi alifukuzwa siku ile ile. Alipewa sababu nyingine, lakini kila mtu anaijua sababu.

Baba, nakuuliza kwa heshima: ulimwandikia? Nilimwuliza yeye, akasema hapana. Akasema tu kwamba alichoka kumwambia mtu mwenye njaa neno lile lile kila siku. Lakini ninyi wawili mnajua kutunza siri, nami sina hakika.

Na kuna swali jingine. Karani alipiga hesabu yangu kwa majuma mazima, pamoja na Jumamosi. Unajua kwamba mimi sikufanya kazi Jumamosi hata moja tangu niajiriwe, wala sikuwahi kulipwa siku hiyo. Hayo yalikuwa mapatano na meneja wa zamani. Karani hakujua, na hakuna atakayeuliza. Wenzangu wanasema nichukue, kwa njaa niliyoiona. Wewe unasemaje?

Mkweo,
Cephas

Baba, nimerudi tangu juzi. Tumekula ugali wa Mama na nyanya za Filister. Hili ni kweli. Jerusha.


Mabera, Migori
24 Aprili 1966

Kwa mwanangu Cephas Onyango,

Ahimidiwe Mungu, anayeweka maneno katika kinywa cha mlinzi na kufungua lango ambalo wenye nguvu walilifunga. Nakusalimu, nakusalimu tena. Mguu wa mama yenu umepungua, na anasema ni kwa sababu ya barua yako. Niliianza kuisoma kutoka chini.

Sikumwandikia Nyakundi. Hili nalisema mara moja, nawe utaliamini au hutaliamini, kama vile nami niliposoma habari za lango nilibaki katikati. Nimeona uchungu wa mahali pale, sasa kwa kuwa nimewekwa hapo na wewe.

Nilikosea kuhusu ujira. Sikukosea kuhusu juma la kwanza. Hapo sheria na mimi tunakubaliana, na mgomaji mwenye haki ajue kwamba haki yake ina gharama. Lakini nilisahau watu wale wa Injili waliosimama sokoni mchana kutwa bila kazi, na walipoulizwa wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Nimehubiri habari zao mara nyingi. Sikuwatambua nilipowaona wamevaa nguo za kazi mbele ya lango, wanakunywa uji.

Sasa kuhusu Jumamosi. Siku ile ni Sabato, si ya meneja na wala si yako. Ni ya Mwenyewe. Hukuzuiwa kufanya kazi siku hiyo, kwa kuwa hukuwa umekusudia kuifanya. Kwa sheria uliyonieleza wewe mwenyewe, ujira ni wa mtu aliyekuwa tayari akazuiwa. Jumamosi hukuwa tayari. Basi fedha zile si ujira wako. Ungezirudisha kwa karani, lakini zingerudi mfukoni mwa yule aliyelifunga lango, nami sioni haki hapo. Yuko mtu mmoja ambaye ujira wake umekatwa kwa ajili yenu wote, na hakuna sheria aliyosomewa itakayomrudishia. Mwambie karani kweli kwanza, mbele ya watu wa chama, ili pasiwe na neno la kujificha. Wakikuachia, zipeleke kwa Bosibori, ambaye uji wake uliunywa. Usiziite sadaka. Wenzako nao watajua la kufanya na zao, kama wanayo macho.

Na Nyakundi mwambie kwamba shule ya kanisa huku Mabera inahitaji mlinzi. Mshahara ni mdogo. Lango ni la miti, na halina kufuli.

Mwanangu, nilitaka kuongeza kwamba uniandikie utakapokuwa umezipeleka, ili nijue. Nimelifuta neno hilo. Sitakuuliza. Sitamtuma Wangwe, wala sitamwuliza Nyakundi atakapokuja, wala watu wa lori. Iwe kati yako na Mungu, nami nitaishi bila kujua, na kukuita mwanangu hivyo hivyo.

Nitakapokuja katika mkutano wa Julai nitalala tena kanisani, kwa kuwa mila ni mila. Lakini asubuhi nitapita mlangoni kwenu kwa sauti kubwa, na Jerusha anikorogee uji.

Amani ya Bwana ikae juu ya dari la nyumba yako na juu ya jiko lake. Ikae juu ya mikono ya binti yangu hadi harufu ya samaki iishe, na juu ya mjukuu wangu alalapo na aamkapo. Na yeyote atakayeisoma barua hii, kwa kuwa ulisema barua hupita katika mikono mingi, naye abarikiwe pamoja na nyumba yake, na asije akamfungia mtu lango. Amina.

Mimi baba mkwe wako,
Mzee Maroa Wangwe